Mchele Hauuzwi Ciptagelar

Ukifika Ciptagelar, kijiji cha milimani katika kisiwa cha Java, Indonesia, na fedha mfukoni, utanunua sukari guru, utanunua ndizi, utanunua sigara na vocha ya simu. Mchele hutauziwa. Utakula wali asubuhi, mchana na usiku, utapakuliwa tena na tena mpaka uombe radhi, lakini ukisema "niuzieni kilo mbili niende nazo", watacheka kwanza wakidhani unatania. Mpunga, mchele, hata unga wa mchele, vyote haviuzwi. Ni mwiko wa wazee, na haulegezwi kwa mgeni wala kwa mwaka wa neema.

Mimi ni mtu wa Pemba, mtoto wa karafuu. Karafuu zikizaa vizuri ada ya skuli ilipatikana, bati liliezekwa, harusi ilifungwa. Zisipozaa, kila kitu kilisubiri. Tulikuwa na vipando vya mpunga bondeni, vya mama na mashangazi, lakini wali wa siku zote ulitoka dukani. Uza karafuu, nunua mchele: hayo ndiyo maisha niliyoyakuta, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyeyapanga.

Kwa hiyo Indonesia kwangu haikuwa nchi ya mbali. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko kwao, na kwetu ulifika mwanzoni mwa karne ya 19. Kisha watu wa Java wakabuni kretek, sigara inayochanganywa tumbaku na karafuu, nayo ikapendwa mpaka nchi yenye asili ya karafuu ikawa inanunua karafuu za Zanzibar. Wazee wetu waliwauzia kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 serikali ya Rais Suharto ikahimiza watu wake wapande mikarafuu yao, na miaka ya 1980 mahitaji yao karibu yote yakawa yanatoka mashambani kwao wenyewe. Bei ikaanguka. Sisemi kwa uchungu, maana mtu akipanda mti kwenye shamba lake hajamkosea jirani. Lakini kuna nyumba Pemba ambazo bado zinahesabu mambo kwa "kabla bei haijaanguka" na "baada ya hapo".

Niliposikia kwamba ndani ya Java hiyo hiyo kuna jamii iliyokataa kabisa kukifanya chakula chake kuwa bidhaa, nilitaka kwenda kuona. Nilikuwa Bogor kwa mafunzo mafupi ya kilimo, na mwenzangu mmoja, Msunda (kabila la Java Magharibi) wa mji wa Bandung, akakubali kunipeleka, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kufika.

Kutoka Bogor unateremka hadi Pelabuhan Ratu, mji wa wavuvi kwenye Bahari ya Hindi, bahari yetu hii hii kwa upande wa pili. Hapo unaiacha lami nzuri na kuanza kupanda. Sehemu ya mwisho ni mawe matupu, na kijana wa pikipiki aliyenibeba alikuwa akiongea na simu huku korongo liko kushoto kwetu. Ciptagelar iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye mteremko wa milima ya Halimun, wilaya ya Sukabumi, Java Magharibi. Baridi ya usiku sikuitarajia. Nyumba ni za mbao na kuta za mianzi iliyosukwa, mapaa yake ya ijuk, nyuzi nyeusi zinazotoka kwenye mti wa aren, wa jamii ya minazi. Mti huo huo ndio unaogemwa na utomvu wake kupikwa sukari guru. Nusu ya fedha niliyoiona ikibadilishana mikono pale kijijini ilikuwa ya sukari.

Mgeni haingii tu. Anapelekwa Imah Gede, nyumba kubwa, anajieleza katoka wapi na kaja kufanya nini, kisha anakula. Jiko la nyumba hiyo halizimwi. Kiongozi wao huitwa Abah, yaani baba. Niliyemkuta ni Abah Ugi Sugriana Rakasiwi, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 2007, baada ya baba yake, Abah Anom, kufariki. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo tu alipopewa jukumu la kuwaambia watu wazima siku ya kupanda.

Na siku ya kupanda ndiyo kila kitu.

Jamii zinazofuata mila hizi, zinazoitwa Kasepuhan, zimetawanyika katika vitongoji mamia kandokando ya Halimun. Wanaomfuata Abah hawaanzi kulima mpaka aseme, naye hasemi mpaka nyota ziseme. Wanatazama makundi mawili. Kerti ni kilimia chetu. Kidang ni zile nyota tatu za mstari na wenzake wanaozizunguka. Wana msemo wa Kisunda ambao kila mkulima pale anaujua: kerti ikionekana, shughulikieni chuma, kidang ikionekana, teremsheni zana. Yaani ya kwanza inakuambia utengeneze majembe na mapanga, ya pili inakuambia uingie shambani.

Mwenzangu alipokuwa ananitafsiria, nilimwambia kwetu wazee husema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tena wakulima wa visiwani walikuwa wakihesabu miongo tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jadi, siku kumi kumi, wakajua huu ni mwongo wa kupanda kitu gani. Mzee tuliyekuwa naye akauliza kama bado tunahesabu. Nikamjibu kuwa wapo wanaojua. Jibu la kukwepa, lakini ni la kweli.

Kuna kipande cha pili cha msemo ule ambacho ndicho kilichonifungua macho. Kidang ikishainama kuelekea magharibi, kungkang huteremka. Kungkang ni mdudu anayefyonza maziwa ya punje wakati mpunga haujakomaa, akikuachia suke lililosimama wima na ndani hamna kitu. Kwa hiyo kalenda ya nyota haisemi tu lini kuna mvua. Inasema pia lini adui anakuja, ili siku hizo mpunga uwe umeshapita hatua ya maziwa. Na kwa kuwa wote wanapanda kwa wakati mmoja na kuvuna kwa wakati mmoja, na kwa kuwa wanapanda mara moja tu kwa mwaka, mdudu akimaliza msimu hana pa kwenda. Miezi inayofuata mabonde yanapumzika, yanafugwa samaki au kupandwa mboga. Dawa hawapigi. Hawaihitaji, maana njaa ya mdudu ndiyo dawa.

Ningeyasikia haya kwa mtu wa kusifia tu ningeyapuuza. Lakini tazama kilichotokea nje ya milima ile. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Indonesia ilisambaza mbegu mpya fupi, za kukomaa upesi, pamoja na mbolea na dawa kwa mkopo, na mkulima akahimizwa apande mara mbili, hata mara tatu kwa mwaka. Mavuno yalipanda kweli. Mwaka 1984 nchi ikatangaza kwamba inajitosheleza kwa mchele. Ila mpunga ukiwepo shambani mwaka mzima, wadudu nao wana chakula mwaka mzima. Wereng, mdudu mdogo wa kahawia anayekausha shamba zima likaonekana kama limepitiwa na moto, aliibuka mara kwa mara, na kadiri alivyopigwa dawa ndivyo maadui zake, buibui na wengineo, walivyokufa kabla yake. Ikafika mwaka 1986 Rais Suharto mwenyewe akatoa amri ya kupiga marufuku aina 57 za dawa za wadudu kwenye mpunga. Aina hamsini na saba! Hizo ndizo zilizokuwa zinagawiwa na kuhimizwa miaka michache nyuma.

Wakati huo watu wa Kasepuhan walikuwa wanaendelea na mbegu zao. Zipo zaidi ya mia moja, za majimaji na za mlimani, nyeupe, nyekundu, nyeusi, za kunata na zisizonata, nyingi zinachukua kama nusu mwaka kukomaa. Afisa kilimo wa miaka ile angeziita mbegu za uvivu.

Tuingie kwenye mavuno, kwa sababu nilifika mpunga ukiwa bado kwenye vichanja. Hawafyeki kwa mundu. Wanavuna suke moja moja kwa kisu kidogo kinachofichika kiganjani, etem, ambacho ni ndugu kabisa wa kisu alichokuwa anavunia bibi yangu bondeni. Nilikishika nikakigeuza na nikajua kidole gani kinakaa wapi. Masuke yanakusanywa na kufungwa mafungu yanayoitwa pocong, kisha yanatundikwa kwenye vichanja vya mianzi virefu, safu juu ya safu, yakauke kwa jua na upepo. Baada ya hapo yanabebwa kwenda ghalani, na ghala ndilo jambo ambalo nimekuwa nikiwasimulia watu tangu nirudi, wengi wakinitazama bila kuelewa kwa nini nimechangamka hivyo.

Ghala lao, leuit, ni kijumba cha mianzi kilichonyanyuliwa juu ya mawe, chembamba chini na kipana juu, paa la ijuk zito. Ukilizunguka huoni mlango. Mlango uko juu kabisa, chini ya pembe ya paa, kidirisha cha mbao ambacho lazima uegeshe ngazi kukifikia. Mtu anaingia kwa tumbo, anapanga mafungu kuanzia chini, anajipandisha nayo mpaka anajikuta mlangoni. Mpunga unaingia na masuke yake, haupurwi. Ukiwa hivyo unakaa miaka. Si miaka miwili. Wana mafungu yenye umri wa watoto wao wakubwa. Nilipewa fungu moja nilinuse. Halikuwa na harufu ya uvundo hata kidogo, lilinukia moshi wa mbali na majani makavu.

Kila nyumba ina leuit, nyingine zina tatu, nne. Na kuna leuit moja ya wote, Si Jimat, ambayo kila familia huchangia baada ya mavuno. Aliyepungukiwa anakopa hapo na kurudisha mavuno yakija. Hakuna anayekuja kutathmini dhamana. Ukitaka kujua nani tajiri Ciptagelar, usitazame nyumba wala pikipiki, tazama maghala yake, ingawa utajiri wenyewe hauwezi kuuzwa, hivyo kazi yake ni kuliwa, kugawiwa na kukaa.

Hapo ndipo mwiko wa kuuza unapoonyesha akili yake. Kwetu mpunga unauzwa siku unapovunwa, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, kwa sababu ada, deni la dukani na harusi vyote vinasubiri siku hiyo. Miezi mitano baadaye yule yule aliyeuza anapanga foleni kununua, bei ikiwa juu. Tunajua. Kila mtu anajua, na kila mwaka tunafanya vile vile, kwa sababu kila mmoja anaamua peke yake na shida yake. Mwiko unamwondolea mtu uamuzi. Ukiwa na deni, mwenye deni anajua kabisa mpunga wako haugusiki, kwa hiyo haombi. Utauza sukari guru, mboga, utaenda kufanya kibarua mjini. Chakula kimetolewa kwenye mazungumzo.

Wao wenyewe hawaelezi hivyo. Wanasema mpunga ni Nyi Pohaci, binti aliyetoa uhai wake ukawa mimea, na mtu hauzi mama yake. Mpunga unapotunga wanasema una mimba, kama tunavyosema sisi, ila wao wanaufanyia dua na chakula kama unavyomfanyia mja mzito. Na hao ni Waislamu, wana msikiti, wanafunga Ramadhani. Nilimwona mtu akitoka kuswali alasiri, akaenda moja kwa moja kumsaidia mzee kuchoma uvumba kwenye ghala. Wapo watakaosema mengi hapo, na hata nchini kwao wapo wanaosema. Mimi nimetoka nchi ya Mwaka Kogwa, sherehe ya kuukaribisha mwaka huo wa jadi, nikanyamaza, nikakaa pembeni nikanywa chai.

Jikoni nilikaa zaidi ya ilivyo adabu kwa mwanamume mgeni, lakini waliniachia. Mashine ya kukoboa ni mwiko. Mchele wote unatoka kwenye lisung, gogo refu lililochongwa mfereji katikati, wanawake wakisimama pande mbili na michi mirefu wakitwanga kwa zamu. Mdundo wake unaweza kuujua kwa mbali ni nyumba ipi. Mchi wa kwanza unavunja masuke, wa pili unavua maganda, halafu ungo, halafu tena lisung. Walivyokuwa wanapeta, chuya zikijikusanya mbele na wishwa ukipeperuka, nilijisikia niko kwetu, mpaka wakafungua midomo kuongea.

Kupika nako kuna taratibu. Moto wa kuni, hakuna gesi wala chungu cha umeme kwa wali. Mchele unachemshwa nusu, unatiwa kwenye aseupan, chombo cha mianzi chenye umbo la kawa lililopinduliwa, ncha chini, kikakalishwa juu ya chungu cha shaba chenye maji yanayotokota. Ukiiva kwa mvuke unamwagwa kwenye sinia ya mbao na kukorogwa huku mtu anaupepea kwa kipepeo cha mianzi, mpaka punje zing'ae. Ndipo unapakuliwa. Wali ule hauna nazi, hauna chumvi, hauna kitu, na niliula mkavu kabla mboga hazijafika. Mama mmoja mtu mzima, niliyekuwa namwita Ibu, akamuuliza mwenzangu kwa nini ninakula kama mtu aliyefiwa, kichwa chini. Nikamwambia nautafuta ladha yake. Akaniongeza.

Lakini huyo Ibu alikuwa ameamka kabla ya alfajiri. Wali wa Imah Gede hauishi kwa kuwa wanawake hawaachi kutwanga. Nimesoma maandishi mengi ya watu waliozuru kule wakausifu mdundo wa michi, na sikuona hata mmoja aliyeuliza mikono ya nani. Mwiko unaomlinda mkulima dhidi ya mfanyabiashara wa mchele ndio huo huo unaomwekea mkewe mchi mkononi mpaka uzeeni. Nilimuuliza Ibu kama angependa mashine. Alicheka, akasema mchele wa mashine hauna ladha. Binti aliyekuwa kando yake, mwenye simu mfukoni, hakucheka wala hakusema.

Na simu zinafanya kazi, msije mkadhani nimewapeleka karne iliyopita. Tangu miaka ya 1990 wana mitambo midogo ya umeme wa maji kwenye mito yao. Wana redio ya jamii, na tangu 2008 wana televisheni yao, CIGA TV, inayoonyesha shughuli zao, vijana wa pale pale wakiwa wapiga picha na wahariri. Abah Ugi mwenyewe anajulikana kwa kupenda vifaa vya elektroniki; nyaya na kulehemu anavijua kuliko mafundi wengi wa mjini. Trekta hapana, redio ndiyo. Mwanzoni niliona mkanganyiko, kisha nikaona mstari ulipopita. Chochote kinachogusa mpunga, kuanzia ardhi hadi sahani, kinafuata wazee. Kisichogusa mpunga ni hiari yako. Ni sheria nyepesi kukumbuka, na sijui sera ya kilimo niliyowahi kuisoma iliyo wazi kiasi hicho.

Msitu nao wana mgawanyo wa sehemu tatu. Upo wa amana, titipan, ambao wameachiwa na wazee na hauguswi bila ruhusa nzito. Upo uliofungwa, tutupan, akiba ya baadaye. Na upo wa kulima na kuishi. Vyanzo vyote vya maji ya mabonde yao viko kwenye ile miwili ya juu, hivyo hawahitaji mtu wa mazingira aje kuwaeleza. Wanaye, hata hivyo. Hifadhi ya taifa ya Halimun ilitangazwa mwaka 1992, na mwaka 2003 ikapanuliwa kutoka hekta kama 40,000 hadi zaidi ya 113,000, ikawa Halimun Salak, na vijiji vya Kasepuhan vikajikuta vimo ndani. Watu wanaosema wanahesabu sherehe yao ya mavuno, Seren Taun, tangu 1368, wakaambiwa wanaishi ndani ya hifadhi. Wasomaji wa Loliondo na Ngorongoro hawahitaji maelezo zaidi.

Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kwamba msitu wa jamii za asili si msitu wa dola, na mwishoni mwa 2016 Rais Joko Widodo akawakabidhi watu wa jamii tisa hati za misitu yao, mojawapo Kasepuhan Karang, ndugu zao wa wilaya jirani ya Lebak. Ni hatua kubwa kwenye karatasi. Njia kutoka uamuzi wa mahakama hadi hati ya kijiji kimoja ni ndefu kuliko ile barabara ya mawe, na kila kijiji inabidi kiipande chenyewe.

Mwenzangu wa Bandung hakuvutiwa kama mimi. Tulipokuwa tunateremka alinishambulia njia nzima. Wanatii mno, alisema. Abah akioteshwa kwamba makao makuu yahame, wanahama: mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitoka Ciptarasa wakaja hapo, na kweli, miaka michache baada ya safari yetu Abah Ugi alihamisha tena makao, wakaanzisha Gelar Alam, ndani zaidi milimani. Nani anapinga ndoto? Tena, alisema, mavuno moja kwa mwaka yanawatosha kwa sababu wako wachache na ardhi ipo. Wapelekee mwiko huo watu wa Karawang, kule tambarare kunakoilisha Jakarta, uone. Halafu akanimaliza: "Wewe unataka wabaki hivi ili uje tena uwatazame."

La Karawang nilimkubalia. Jakarta haiwezi kula mwiko. Lakini nilimkumbusha kwamba hata tambarare hazitoshi. Na miaka ya baadaye ilinipa hoja ambayo siku ile sikuwa nayo. Mwaka 2023 ukame wa El Niño uliipiga Indonesia, ikaagiza mchele wa nje zaidi ya tani milioni tatu, na watu wa mijini wakapanga foleni za mchele wa bei nafuu. Mwaka huo huo, Julai, India ilizuia kuuza nje mchele mweupe wa kawaida, na sisi tunaokula mapembe, mchele wa nje wa dukani, tukaiona bei ikipanda wiki hadi wiki, kwa uamuzi uliotoka ofisi ambayo hakuna hata mmoja wetu angeweza kuandikia barua. Nilimtumia mwenzangu ujumbe. Akanijibu kwa picha ya mfuko wa mchele aliotoka kununua, bei ikisomeka vizuri.

Kitu ambacho nimekuwa nikiwaambia watu wa bondeni kwetu si mwiko, maana mwiko hauagizwi kama mbegu. Nawaambia kupanda pamoja. Siku moja, bonde zima, mbegu inayokomaa kwa wakati mmoja, na baada ya mavuno bonde lipumzike. Hilo halihitaji Abah wala ndoto, linahitaji kamati isiyogombana. Ndege wa kuamia wangegawanyika kwa vipando vyote badala ya kumshukia aliyetangulia. Shangazi yangu amesikiliza, akasema tatizo si nyota, tatizo ni power tiller, trekta dogo la kusukuma kwa mkono: iko moja, na kila mtu anaisubiri zamu yake mwezi mzima. Hapo nilinyamaza.

Kijana aliyenirudisha kwa pikipiki hadi Pelabuhan Ratu alikuwa amefanya kazi kiwandani karibu na Jakarta, kisha akarudi. Nilimuuliza kwa nini. Alisema mshahara ulikuwa unaisha tarehe ishirini, na kwao kuna ghala lenye mpunga wa miaka mitatu ambalo halimdai kitu. Nikamuuliza kama basi amerudi moja kwa moja. Hapana, akasema, akipata kiwanda kinacholipa zaidi ataondoka tena. Dada yake atamvunia.